Siyo Maumivu, Daktari



Mgonjwa mwenye mshtuko wa moyo akiulizwa, "Mzee, unasikia maumivu?" mara nyingi hujibu hapana. Wala hadanganyi. Anachosikia ni kifua kubanwa, uzito, pumzi kukatika. Kwake maumivu ni kichomi, ni jino, ni kidonda. Anayejaza fomu akiandika "hana maumivu ya kifua", mzee anarudi kwenye benchi kusubiri zamu yake, ilhali msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa ndani ya dakika 20 hadi 40.

Tarehe 21 Julai 1768, William Heberden aliwasomea matabibu wenzake jijini London maelezo ya ugonjwa wa kifua unaowashika watu wakitembea, hasa wakipanda mlima au wakiwa wametoka kula, na kuwaachia wakisimama. Hakuwa na kipimo chochote cha moyo. Alikuwa na masimulizi ya wagonjwa tu, na humo alikuta hisia ya kukabwa, pamoja na hofu. Karne ya 20, daktari Samuel Levine wa Boston akatufundisha kutazama mkono: mgonjwa anakunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua. Wanafunzi wangu, utazameni mkono huo kabla ya kushika kalamu. Anayeonyesha kwa ncha ya kidole kimoja mara nyingi ana tatizo la misuli au mbavu, ingawa sithubutu kumruhusu aende nyumbani kwa ishara hiyo peke yake.

Mishipa ya fahamu itokayo moyoni huingia kwenye uti wa mgongo pamoja na ile ya kifua na ya upande wa ndani wa mkono, na ubongo hushindwa kuitenganisha. Ndiyo maana mmoja hulalamikia taya, mwingine bega, mwingine chembe cha moyo. Huyu wa mwisho ndiye ninayemhofia sana. Atasema ni gesi, au vidonda vya tumbo vimeamka; atameza dawa ya kiungulia na kujilaza. Mama mwenye kisukari huenda asisikie hata hiyo gesi: anaishiwa nguvu ghafla, anatokwa na kijasho chembamba, anatapika, na nyumbani wanasema ni malaria.

Tunawapoteza watu hapa. Utafiti katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, Moshi, ulionyesha kwamba wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo hawakutambuliwa.

Kipimo cha umeme wa moyo kinapaswa kufanyika ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Lakini nani atakiagiza kwa mtu aliyeandikwa hana maumivu? Basi tubadili swali la mapokezi. "Mama, kifuani unajisikiaje?" Kisha tunyamaze, asimulie, na maneno yake yaandikwe kwenye faili kama alivyoyasema.