MTOTO ANAPOKWENDA SAFARI YA KORONGONI

Leo tunazungumza juu ya safari za shule za muhula wa tatu.

Mtoto huleta barua nyumbani: darasa lao linakwenda Naivasha, kuona mbuga ya Hell's Gate na korongo lake lenye kuta ndefu za mawe. Mama hutazama kwanza pesa zinazotakiwa. Ni sawa. Lakini kabla ya kutia sahihi, kuna mambo ya afya na usalama ya kuuliza.

Kwanza, tujue mahali penyewe. Huko ni Bonde la Ufa, si kama kwetu kwenye mashamba ya miwa. Ni pakavu na pana vumbi. Mchana jua ni kali, na alfajiri kuna baridi, kwa maana eneo hilo liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya korongo kuna chemchemi za maji moto yanayoweza kumbabua mtoto.

Pili, na hili ndilo kubwa, kuna hatari ya mafuriko. Utauliza, mafuriko yatoke wapi mahali pakavu vile? Mama, fikiria mto wetu Nzoia. Mvua hunyesha kule milima ya Cherangani na Mlima Elgon, na watu wa Budalang'i wakahama nyumba zao ilhali kwao jua linawaka. Korongo nalo ni vivyo hivyo, ila maji yake hufika kwa dakika chache tu, na zile kuta haziachi mahali pa kukimbilia. Aprili 2012, vijana 7 wa kikundi cha kanisa walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 maji yakaja tena, yakaua watalii pamoja na kiongozi wao. Baada ya hapo Shirika la Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo. Na muhula wa tatu ndio wakati mvua za vuli zinapoanza.

Kwa hiyo muulize mwalimu: Je, mmeuliza KWS kama korongo limefunguliwa siku hiyo? Mtaongozwa na nani? Wingu zito likionekana, hata kwa mbali, mtaacha kuingia? Ukijibiwa "usijali mama" peke yake, usitie sahihi bado. Watoto wanaweza kubaki juu, wakaona twiga, punda milia na majabali, wakarudi na furaha yao yote.

Mfundishe mtoto pia: akisikia mngurumo, au akiona maji yanaongezeka au yanageuka matope, apande juu mara moja. Asirudie begi wala kiatu.

Tatu, mtoto mwenye ugonjwa. Huku kwetu wako watoto wengi wenye selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu zilizopinda kama mundu. Kiu, baridi na uchovu mwingi huweza kumletea maumivu makali. Usimfiche. Mpeleke kliniki kabla ya safari, kisha mwambie mwalimu ana ugonjwa gani na anameza dawa gani. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, kwa sababu ya vumbi. Na mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Asipandishwe basi akiwa mgonjwa.

Nne, begi la safari. Tia maji safi, yapata lita 2 kwa siku ya matembezi, naye anywe kidogo kidogo bila kungoja kiu. Tia kofia, sweta na chakula kisichoharibika upesi, kama andazi na viazi vitamu vilivyochemshwa. Avae raba, si patipati. Andika nambari yako ya simu kwenye karatasi, uitie mfukoni mwake.

Tano, dalili za kuzidiwa na joto: kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kutapika, mwili kuwa moto. Mtoto apelekwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa. Akiwa na fahamu zake, anywe maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia, asinyweshwe kitu. Aendelee kupozwa huku akikimbizwa hospitalini. Akiungua kwa maji moto, amwagiwe maji baridi safi kwa dakika 20. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno.

Wazazi wenzangu, sisemi watoto wasiende. Safari humfungua mtoto macho, akaiona nchi yake. Ninachosema ni kwamba sahihi yako kwenye ile barua ina nguvu. Itumie kuuliza. Mama mmoja akiuliza ataonekana msumbufu, lakini mkienda kumi pamoja, shule itapanga safari vizuri zaidi.

Wiki hii, ukiletewa barua, keti na mtoto wako muisome pamoja. Mkikwama, njooni kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi, tutazungumza.