Nyigu Wadogo na Zabibu Zetu
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Nkuhungu yetu sasa ni mji, lakini wengi wetu bado tunasomesha watoto kwa zabibu za Mpunguzi, Mbabala na Hombolo. Leo naomba nizungumzie mdudu anayetutia hasara na mwingine anayeweza kutufanyia kazi bila malipo.

Wa kwanza ni kidung'ata, yule mweupe kama pamba. Hufyonza mzabibu na kuacha majimaji matamu yanayonata, kisha ukungu mweusi huota juu yake na mnunuzi hukataa mzigo. Tunakimbilia dawa, lakini kidung'ata amejificha chini ya magome na mwili wake umefunikwa na nta. Dawa humkosa, ikaua adui zake wanaotembea nje.

Mmoja wa adui hao ni nyigu mdogo sana, hafiki milimita 2, wala haumi watu. Jike hutaga yai ndani ya kidung'ata. Kiluwiluwi hukua kwa kumla kutoka ndani, kidung'ata hukauka akabaki ganda, na nyigu mpya hutoka kwa kutoboa tundu la duara.

Wazee mnakumbuka kidung'ata wa muhogo. Aliletwa Afrika kwa bahati mbaya kutoka Amerika ya Kusini, akaonekana Kongo mwaka 1973, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha alikuwa ameshaingia Tanzania. Watafiti walimtafuta adui yake kwao, wakampata Paraguay mwaka 1981. Mwaka huohuo nyigu hao waliachiwa Nigeria, kisha wakasambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Kiongozi wa kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mkulima wa muhogo hakununua hata chupa moja.

Nyigu wa muhogo hatatibu zabibu; kila kidung'ata ana adui wake. Lakini ndugu zake wanatumika katika mizabibu ya Afrika Kusini. Sisi tusianze kwa kuagiza nyigu. Tuanze kwa kuwalinda walioko shambani.

Kwanza, kagua kabla ya kupuliza. Ukiona maganda makavu yenye tundu, ujue nyigu wako kazini. Pili, dhibiti sisimizi. Wanapenda yale majimaji matamu, hivyo humlinda kidung'ata na kumfukuza nyigu. Tatu, bandua magome yaliyolegea wakati wa kupogoa, uyachome. Nne, acha maua kandokando ya shamba, maana nyigu mkubwa hula asali ya maua. Ikilazimu kupuliza, muulize kwanza afisa ugani dawa ipi na wakati gani.

Ndugu zangu, mchango wa mwaka huu tunauomba kwa ajili ya lenzi za mkono za kukuzia na siku za mafunzo shambani, ambako tutawaomba wataalamu wa kituo cha utafiti cha Makutupora watufundishe. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu fedha nyingi inaishia kwenye bomba la kupulizia. Hicho unachotoa leo kitabaki mfukoni mwa mkulima msimu ujao, na watoto wanaocheza kati ya mizabibu watavuta hewa safi.

Haba na haba hujaza kibaba.