Risala ya Akina Mama wa Ushonaji: Blanketi la Viraka kwa Wenzetu wa Bugarama



Sisi akina mama wa kikundi cha ushonaji tunashukuru kupewa nafasi ya kusema katika siku hii ya ukumbusho. Tumekuja na kazi ya mikono yetu, na tumekuja na ombi moja. Tutaeleza kazi kwanza, ombi litafuata, ili mtakapolisikia mjue linatoka wapi.

Blanketi mnaloliona hapa mbele limeshonwa kwa vipande vya vikwembe vilivyochakaa. Ni zawadi kwa akina mama wa Magara, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2018, vita vilipowaka upande wa Fizi, maelfu ya watu walipanda mitumbwi na boti wakavuka kuja Burundi. Wengi walishukia Rumonge mjini. Sisi tulishukia Magara, ambayo mwaka ule ilikuwa katika komine ya Bugarama. Kabla ya magari kufika kutuchukua, akina mama wa pale walitupikia ugali na ndagala, wakawalaza watoto wetu ndani, na waliolowa wakapewa vikwembe vikavu. Hawakutuuliza kabila wala karatasi.

Wazee wanajua kwamba ziwa hili limevukwa na pande zote mbili. Mwaka 1972, mauaji yalipoenea Burundi, watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Zaire na Tanzania. Mwaka 1996, vita vya Zaire vilipoanza, watu wa Uvira na Fizi wakavuka wao, wengi wakafika Kigoma. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa kwa ajili yao huko kwetu Fizi. Kwa hiyo aliyetupokea Magara alijua anachokifanya. Leo ni mgeni, kesho ni mwenyeji.

Halafu maji nayo yakapanda. Mwaka 2024 ziwa lilijaa kupita kiasi, likaingia katika nyumba za ukingoni, kuanzia Gatumba hadi Rumonge. Tulipata habari kwamba baadhi ya wale waliotulaza walihama nyumba zao wakiwa na vyombo kichwani. Hapo ndipo tulipokaa chini tukaulizana: sisi tunaweza kuwapelekea nini?

Pesa hatuna. Vipande vya nguo tunavyo. Basi tukakubaliana kila nyumba kati ya nyumba 20 itengeneze kiraka kimoja kikubwa, kisha tuviunganishe. Kuunganisha vipande si jambo geni kwa Waswahili. Inasimuliwa kwamba hata kanga ilianza hivyo katika pwani ya Zanzibar na Mombasa, karne ya 19, akina mama waliposhona leso sita pamoja wakapata nguo moja pana. Huko Marekani nako, miaka ya 1880, wanawake wengi walipenda mablanketi ya vipande visivyolingana, kila mshono umepambwa kwa uzi wa rangi. Sisi tumefuata njia hiyo, kwa sababu mabaki hayana kipimo: hiki kina pembe tatu, kile ni utepe, kingine kimeungua pembeni.

Kwa wanaotaka kujifunza, kazi inakwenda hivi. Kata shuka kuukuu, sentimita 40 kwa 40. Hilo ndilo la chini, litakalobeba vingine. Kwanza loweka kila kipande cha kikwembe peke yake uone kama kinatoa rangi. Kinachotoa rangi kiwekwe kando, kitaharibu wenzake. Weka kipande cha kwanza katikati, uso ukiwa juu. Laza cha pili juu yake, uso kwa uso, shona ukingo mmoja, kigeuze, kipige pasi. Endelea hivyo ukizunguka mpaka shuka lote lifunikwe, kisha kata yanayozidi.

Baada ya hapo ndipo tunadarizi. Kila mshono hufunikwa kwa uzi: wengine walishona mfano wa unyoya, wengine misalaba, wengine vifundo vidogo kama mbegu za ulezi. Katika nafasi zilizobaki mtaona mitumbwi, michikichi, samaki wa mukeke, na vifungo vya mashati ya watoto waliokua. Karibu na ukingo acha sentimita mbili bila kudarizi, maana uzi utakatika wakati wa kuunganisha.

Viraka 20 tulivipanga safu tano, kila safu vinne. Kila ukingo ulikula sentimita moja ya mshono, kwa hiyo blanketi lilitoka sentimita 152 kwa 190. Pasi ya safu ya kwanza ilale kulia, ya pili ilale kushoto, la sivyo pembe zinapokutana panakuwa na nundu. Mwisho tuliweka kitambaa cha nyuma, tukafunga fundo la uzi kwenye kila pembe ili tabaka zisitembee, na utepe mweusi ukazunguka ukingo.

Sheria yetu ilikuwa moja. Kila mama anadarizi kiraka chake, lakini mshono unaounganisha viraka viwili unadariziwa na wenye viraka wote wawili, mmoja kuanzia huku, mwingine kuanzia kule. Nafasi tulizipanga kwa kura. Kura ikawaweka pamoja mama wawili ambao walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa zamu ya maji. Walishona siku mbili bila neno. Siku ya tatu mmoja aliishiwa uzi, mwenzake akamkatia wake. Hatusemi wamekuwa ndugu. Tunasema wanasalimiana.

Mwenzetu mmoja alifariki kabla ya kumaliza. Kiraka chake kilimalizwa na binti yake, na tulimwambia asijaribu kuufananisha mkono wake na wa mama. Mkiangalia safu ya tatu mtaona mahali mkono ulipobadilika. Na kiraka kimoja kimejengwa juu ya kipande cha kikwembe tulichopewa Magara mwaka 2018. Kilivaliwa mpaka kikabaki kipande. Sasa kinarudi kwao.

Wako ndugu waliotuambia: mwaka 2025 posho imepunguzwa, sabuni ni shida, wenzetu wengine wengi wamevuka kutoka Kivu ya Kusini, na nyinyi mnatoa zawadi? Liuzeni. Hoja hiyo tuliijadili kwa siku nyingi, kwa sababu njaa si maneno. Tuliona hivi: bei ya blanketi moja ikigawanywa kwa nyumba 20, kila nyumba itapata sabuni ya wiki moja. Wiki ikiisha, sabuni imekwisha, na deni letu liko palepale. Mifuko na aproni tunaendelea kushona za kuuza. Hili moja tumeliweka kando. Mtu anayepokea tu kila siku, mwisho anajiona ni namba kwenye orodha.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, katika ripoti zenu mnaandika tulichopokea. Tunaomba mwaka huu mwandike pia tulichotoa.

Sasa ombi letu. Tunaomba ruhusa ya kutoka kambini kwa mama wawili, kwa siku tatu, walipeleke blanketi hili Magara. Nauli tumechanga wenyewe. Tumeambiwa kwamba lingeweza kutumwa kwa gari la shirika, na tunashukuru. Lakini zawadi ya namna hii hupokelewa kutoka mkononi mwa aliyeishona, akataja majina ya walioshona, akasikia habari za nyumba na za maji. Mama hao wataondoka na barua, na watarudi tarehe iliyoandikwa. Kikundi kizima kinawadhamini.

Hatuna mengi zaidi. Karibuni mlishike blanketi, mlikague na nyuma yake pia.