Betri Inayosema: Redio na Umeme katika Vyombo vya Usafiri vya Afrika Mashariki



Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya Shirika la Reli Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Magazeti yaliandika juu ya mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa, na yalikuwa na haki, maana safari ya basi iliyokuwa ikimaliza siku nzima ya mtu sasa inakwisha kwa saa zisizofika nne. Kitu ambacho hakikuandikwa sana ni redio.

Juu ya reli ile umepita waya wenye volti 25,000. Kandokando yake ipo minara ya mawasiliano ya treni peke yake, inayofuata kiwango cha GSM-R kilichotokana na simu za kizazi cha pili. Dereva hategemei kuona taa ya kijani mbele yake. Kompyuta iliyo ndani ya treni hupokea kibali kwa redio kutoka kituo cha uongozaji: nenda hadi hapa, usizidi mwendo huu. Vifaa bapa vilivyofungwa juu ya mataruma huiambia treni ipo mahali gani hasa. Mawasiliano yakikatika kupita muda uliowekwa, treni hujifunga breki yenyewe. Kwa hiyo kasi inayosifiwa imebebwa na umeme na redio kwa pamoja, na fundi anayejua kimoja bila kingine hawezi kuitunza.

Tena redio hiyo ina umri wake. GSM-R inatarajiwa kuondoka duniani katika miaka ya 2030, na mrithi wake, mfumo wa FRMCS, umejengwa juu ya teknolojia ya 5G. Reli mpya kabisa imeanza kazi ikiwa na mtambo wa mawasiliano utakaobidi kubadilishwa kabla waya wake haujachakaa. Watakaofanya kazi hiyo wako darasani leo.

Dai la mhadhara huu ni kwamba katika usafiri wa umeme, habari za nishati zina thamani sawa na nishati yenyewe. Na kwamba utafiti wa habari hizo hauwezi kuagizwa kutoka nje kama vipuri. Ushahidi wenye nguvu zaidi hauko relini. Uko kwenye vijiwe vya bodaboda.

Injini ndogo ya petroli hugeuza karibu robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki inapotea kama joto. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80. Kwa hesabu hiyo peke yake pikipiki ya petroli ingekuwa imeshatoweka mjini. Lakini dereva wa Kigali au Nairobi huweza kupita kilomita 100 na zaidi kwa siku, na betri ya kilowati-saa tatu hivi haimfikishi jioni. Hawezi kukaa saa kadhaa akingoja ijae huku abiria wakichukuliwa na wenzake. Jibu lililopatikana ni kubadilisha betri: anaingia kituoni, anaacha iliyoisha, anaondoka na iliyojaa kwa dakika chache. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara hiyo Kigali mwaka 2019, na nyingine zikafuata katika eneo hili. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria jijini Kigali husajiliwa ikiwa ni ya umeme tu.

Hapo ndipo redio inapoingia. Katika utaratibu huu betri si mali ya dereva. Ni mali ya kampuni, na inatembea mjini mikononi mwa watu maelfu. Ili biashara isife, kila betri lazima iwe na kifaa cha mawasiliano, mara nyingi chenye laini ya simu, kinachoripoti imebakiwa na nguvu kiasi gani, ina joto gani, iko wapi, na imetumika kiasi gani ili dereva alipie hicho tu. Betri isiyosema haiuziki.

Sehemu ya wazo hili ni ya hapa hapa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na baada yake M-KOPA ikaweka laini ya simu ndani ya kisanduku cha umeme wa jua: mteja akilipa kwa simu, taa zinawaka, asipolipa, zinazimwa kwa mbali. Vijiji vilizoea nishati inayolipiwa kidogo kidogo na kusimamiwa kwa redio kabla pikipiki za umeme hazijaenea barabarani. Mabasi ya BasiGo yaliyoanza kazi Nairobi mwaka 2022 yamefuata mantiki hiyo hiyo, mwenye basi akilipia kwa kilomita zilizotembewa badala ya kubeba mzigo wa bei ya betri siku ya kwanza.

Sasa ugumu wa kisayansi. Betri nyingi za vyombo hivi zimetengenezwa kwa litiamu, chuma na fosfeti, kemia iliyotoka katika maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990. Ni imara, haishiki moto kirahisi, na huvumilia kuchajiwa mara maelfu. Ila ina siri moja inayowasumbua wahandisi: volti yake haibadiliki sana inapotumika. Kuanzia inapokaribia kujaa hadi inapobaki robo, kila seli husoma volti 3.2 au 3.3 tu. Kuitazama volti hakumwambii mtu amebakiwa na nini. Njia ya pili ni kuhesabu umeme unaoingia na kutoka, lakini kosa dogo la kipimo hujilimbikiza siku hadi siku mpaka hesabu inakuwa uongo. Wahandisi hukimbilia kichujio cha Rudolf Kalman cha mwaka 1960, kile kile kilichosaidia kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini, kuunganisha vipimo viwili visivyoaminika na kupata makadirio yanayoaminika.

Swali la pili ni gumu zaidi: betri hii itaishi muda gani? Mwaka 2019 watafiti wa Stanford, MIT na taasisi ya utafiti ya Toyota walichapisha kazi iliyotikisa fani. Walichukua seli 124 za kemia hiyo hiyo, nyingine zikafa baada ya mizunguko 150 ya kuchajiwa na kutumika, na nyingine zikafika 2,300. Kwa kutumia takwimu za mizunguko 100 ya mwanzo tu, kabla uchovu haujaonekana, programu yao ilitabiri uhai wa seli kwa kosa la wastani wa asilimia 9 hivi. Ni kazi nzuri sana. Lakini seli zile zilikaa katika kabati la nyuzi joto 30 zisizopanda wala kushuka. Hazikurushwa na matuta ya barabara ya vumbi, hazikuachwa juani saa saba mchana, hazikubeba abiria wawili na gunia la mkaa kupanda mlima. Programu iliyofunzwa kwa betri za kabatini haiwezi kuaminiwa moja kwa moja barabarani Mbagala, Dar es Salaam, au Kisenyi, Kampala. Takwimu za barabara hizo zinakusanywa kila dakika, na zinapita angani kwenda kwenye seva za kampuni. Wanafunzi wa vyuo vya hapa hawazioni.

Habari hizo zinapitaje? Mjini ni rahisi. Nje ya mji kuna vipande virefu vya barabara ambako mnara wa simu haufiki. Mwaka 1999 Joseph Mitola, akifanya kazi na Gerald Maguire huko Stockholm, alieleza redio yenye utambuzi: redio inayosikiliza kwanza masafa yanayotumika, ikaona yaliyo wazi, ndipo ikasema, kama mgeni mwenye adabu anavyofika barazani. Afrika Mashariki ilipata nafasi ya kulijaribu wazo hilo mapema. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analogia tarehe 31 Desemba 2012, na mwaka uliofuata miradi ya kutumia masafa ya televisheni yaliyo wazi kupeleka intaneti ilikuwa imetangazwa Dar es Salaam na kuanzishwa Nanyuki, Kenya. Masafa hayo ya chini husafiri mbali na kupenya miti. Majaribio hayakugeuka mtandao wa nchi nzima, na hilo ni hasara, kwa sababu betri haihitaji intaneti ya kutazamia filamu. Ujumbe wake ni baiti mia chache. Unaweza kusubiri. Akili mnemba ndogo iliyo ndani ya betri yenyewe inaweza kuamua habari ipi ni ya dharura, kama joto linalopanda ghafla, na ipi ingoje mpaka kituo kinachofuata.

Mwaka 2023 Umoja wa Mawasiliano Duniani, ITU, ulipitisha mfumo wa malengo ya kizazi cha sita cha simu, nao unataja waziwazi akili mnemba, uwezo wa redio kuhisi mazingira, na huduma kufika kila mahali. Lengo hilo la tatu ndilo linalozihusu barabara za mbali na mji, kama ya Singida.

Kuna faida nyingine ambayo haijavunwa. Gridi zote za eneo hili huzunguka kwa hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, namba hiyo hushuka, yakipungua, hupanda. Kituo cha kuchajia kinaweza kuisoma kwenye soketi yake chenyewe, kikasimama kwa dakika chache gridi inapoelemewa, na redio ikaviratibu vituo vyote vya jiji visirudi kwa mpigo mmoja. Kenya ina umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria unaopatikana usiku kucha wakati watu wamelala, na mwaka 2023 mdhibiti wake wa nishati aliweka bei maalumu ya vyombo vya umeme, ya usiku ikiwa nusu ya ile ya mchana. Tanzania imepata bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, wa kwanza ukianza kazi mapema mwaka 2024. Betri elfu kumi zinazochajiwa kwa akili ni msaada kwa gridi. Zikichajiwa zote saa moja jioni, ni mzigo.

Mhadhara huu hauwezi kulinyamazia jambo la haki. Redio inayojua betri ilipo inajua pia dereva yupo wapi, analala wapi, anapumzika saa ngapi. Redio inayoweza kufungua betri inaweza kuifunga, na malipo ya mkopo wa pikipiki yakichelewa kijana anaweza kubaki na chuma kisichotembea kilomita nyingi kutoka kwao. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Sheria hizo zitafsiriwe katika lugha ya uhandisi: chombo kisizimwe kikiwa njiani, na dereva awe na haki ya kuona rekodi yake mwenyewe. Vilevile betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, washindani wa miaka mingi, walikubaliana Machi 2021 juu ya betri ya aina moja kwa pikipiki za umeme nchini Japani. Kama hao wameweza, kampuni changa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hazina sababu ya kushindwa.

Chuo kinaweza kuanzisha mambo. Gari la umeme la Kiira EV lilizinduliwa Makerere mwaka 2011 na wanafunzi na walimu wao. Likafuatwa na basi la Kayoola lenye paneli za jua mwaka 2016, na leo Kiira Motors ni kampuni ya serikali yenye kiwanda Jinja. Wapo waliosema ni mchezo wa wanafunzi.

Basi mamlaka za usafiri na mawasiliano zinapotoa leseni kwa vituo vya kubadilishia betri, ziweke sharti moja zaidi: takwimu za uchakavu wa betri, zikiwa zimefutwa majina na maeneo ya madereva, zifunguliwe kwa vyuo vya umma. Na kitivo cha uhandisi kiache kumfundisha mwanafunzi wa umeme bila redio, na wa redio bila umeme. Mabadiliko hayo ya mtaala yanaweza kuanza mwaka huu wa masomo.