Mashine ya Maji ya Moto: Tuione Ikiwaka Kabla ya Kulipa

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa gereji)



Halmashauri imetutaka sisi watatu, tuliokwenda kununua mashine ile ya kwanza, tuseme nanyi kabla fedha za chama hazijatolewa mara ya pili. Twashukuru kupewa nafasi hii, ingawa si nafasi ya kujivunia. Nyote mwajua yaliyotupata, lakini si wote mliosikia kwa vinywa vyetu.

Haja ya mashine ipo, na juu ya hilo hatuna ubishi na mtu. Maji baridi, hata yakisukumwa kwa nguvu nyingi, mara nyingi huihamisha grisi tu kutoka hapa hadi pale. Maji ya moto wa digrii 80 huilainisha mpaka ikaachia chuma. Wengi wetu mpaka leo twaosha gia na ekseli kwa petroli na matambara, mikono mitupu, na harufu yake twaivuta kutwa nzima. Ngozi yapasuka, na cheche moja ya kuchomelea yatosha kuliteketeza banda lote. Wala mashine za namna hii si jambo geni. Alfred Kärcher wa Ujerumani aliitoa ya kwanza ya Ulaya mwaka 1950, na kazi ya ndani ni ile ile hata sasa: mota huzungusha pampu, pampu husukuma maji ndani ya bomba la chuma lililojiviringa kama chatu ndani ya pipa, na katikati yake moto wa dizeli huwaka.

Mpya hatuiwezi. Kwa hiyo twatafuta iliyokwisha kutumika, na nyingi za hizo zimetoka Ulaya.

Basi ile ya kwanza tuliikuta imepakwa rangi mpya, yang'aa kama sahani ya arusi. Mwenye kuuza akaiwasha, maji yakatoka kwa kishindo, akaosha gurudumu la lori mbele ya macho yetu likawa jeusi safi. Tukafurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mbona maji hayatoi mvuke, mpaka fundi kijana tuliyekwenda naye akauliza, akajibiwa kwamba dizeli imekwisha. Sisi wazee tukamwambia anyamaze. Tukalipa shilingi 95,000, jasho lenu.

Siku ya pili tulitia dizeli, tukawasha moto. Moshi mweupe ulijaa gereji, kisha maji yakaanza kutiririka chini ya pipa. Tulipolifungua tukaona bomba lina ufa, tena limechomelewa mara mbili mahali pale pale. Kichwa cha pampu nacho kilikuwa na alama ya kuchomelewa chini ya ile rangi nzuri. Fundi mmoja mzee alitueleza kwamba huko Ulaya, wakati wa baridi kali, maji yaliyosahauliwa ndani ya mashine huganda, na barafu ikivimba hupasua chuma. Sisi wa Nairobi hatuna desturi ya kufikiri habari za barafu, ila tukinunua chuma cha Ulaya yatupasa kuifikiri.

Kwa hiyo safari hii twaomba mashine iwashwe moto na ifanye kazi nusu saa nzima. Moshi ukiwa mweusi, dizeli imezidi hewa, na hilo fundi aweza kulirekebisha. Ukiwa mweupe na kunuka dizeli, mafuta yanarushwa bila kuwaka. Oili ya pampu itazamwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamepita kwenye sili. Geji ikipanda juu sana huku maji yatoka dhaifu, yafaa kushuku kwamba bomba limeziba kwa magadi ya maji ya kisima. Kibao cha mota kisomwe pia, maana gereji yetu ina umeme wa fezi moja wa volti 240, na mashine ya fezi tatu itakaa hapa kama pambo. Ikiandikwa volti 120 na hezi 60, hiyo ni ya Marekani, tuiache.

Kubwa kuliko yote, kifyatulio cha bunduki ya maji kikiachiliwa, moto lazima uzime wenyewe. Hapo msikubali maneno ya mtu. Maji yakisimama na moto ukaendelea, lile bomba limekuwa boila iliyofungwa mdomo, na mwenzenu amesimama kando yake.

Sasa twafika kwenye jambo lililo zito kulisema. Baada ya kununua bomba jingine hatukubakiwa na fedha, na mpira wa maji ulikuwa umetoboka kidogo karibu na bunduki. Tuliufunga kwa vipande vya tyubu. Si mwenye kuuza aliyefanya hivyo, ni sisi. Mwenzetu mmoja aliushika pale pale, na maji yakapenya glavu ya pamba yakaingia kidoleni. Tundu lilikuwa dogo kama la mwiba, hata damu haikutoka. Tulimpa kitambaa akaendelea na kazi. Usiku mkono ukavimba, na asubuhi madaktari wakaupasua kutoa uchafu uliosukumwa ndani ya nyama. Kidole hakikunji tena. Kila mmoja na ajue: maji ya presha yakiingia mwilini, hata tundu lisionekane, ni kwenda hospitali saa ile ile na kumwambia daktari ni maji ya mashine gani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape watu wa kazi za majimaji mavazi ya kuwakinga, kama glavu, viatu na miwani. Wenzetu walioajiriwa kwingine wadai haki hiyo. Humu ndani hatuna wa kumdai. Mwajiri ndiye sisi.

Mashine tuliyoambiwa safari hii yatakiwa shilingi 120,000. Shauri letu ni kwamba mkutano usipitishe zaidi ya 80,000 kwa mashine yenyewe, na 40,000 zikae kwa mweka hazina kwa mpira mpya, bunduki, sili, glavu za mpira, miwani na gambuti. Mwenye kuuza akikataa bei hiyo, turudi mikono mitupu. Shimo la kukusanyia maji ya oili tutalichimba wenyewe, yasiende mtoni.

Mkikubali, Jumamosi saa tatu asubuhi watakwenda watu wanne: mmoja wetu, mweka hazina, fundi wa umeme, na yule kijana tuliyemnyamazisha. Yeye ndiye atakayeuliza maswali. Dizeli lita 5 tutaibeba wenyewe.