Kinga si Kafara: Mhadhara wa Umma juu ya Unene na Chakula Chetu



Kabla sijasimama mbele yenu hapa Kibaha nilipasua bilinganya vipande viwili, kimoja nikakikamulia ndimu na cha pili nikakiacha hivi hivi. Nanyi mwaona kwamba hiki kilichoachwa kimekwisha piga rangi ya kahawia, ilhali mwenziwe angali mweupe. Kilichokisibu ndicho wataalamu wakiitacho oksidisho, na jambo hili lipitalo katika sahani hupita pia, kwa siri, ndani ya miili yetu.

Kila seli ina jiko lake, mitokondria, liunguzalo chakula kwa msaada wa oksijeni, na jiko hilo, kama majiko yote, hutoa cheche, ambazo ni radikali huru. Mwili una vimeng'enya vya kuzizima, navyo husaidiwa na vizuia-oksidisho tuvipatavyo katika matunda na mboga. Lakini mtu akidumu kula kupita haja yake, cheche huzidi wazimaji, na hali hiyo ndiyo msongo wa oksidisho. Mwaka 2004 wataalamu wa Japani walibainisha, kwa kuchunguza panya wanono pamoja na wanadamu, ya kuwa shahamu iliyorundikana si ghala lililonyamaza, bali yenyewe ni chimbuko la cheche hizo, ziharibuzo utendaji wa homoni na kuifungulia kisukari njia.

Tazameni basi karai la chipsi kando ya barabara ya Morogoro, mafuta ya jana yakiongezewa ya leo hata yakawa meusi na mazito, kwani mafuta yarudiwayo motoni huoksidika kabla hayajafika kinywani. Kisha nendeni Kisarawe wakati wa korosho, mkaone mabibo yameoza chini ya mikorosho baada ya kung'olewa mbegu zake, nayo yana vitamini C kupita machungwa mara kadhaa, na ule ukakasi unaokunja ulimi ni tanini, ambayo nayo ni kizuia-oksidisho. Hata kisamvu, ambacho moto mrefu hukipotezea vitamini C, hubakiwa na karotini, na tui la nazi huusaidia mwili kuifyonza.

Lakini msidhani kwamba bibo ni kafara ya chipsi. Huko Ufini wavutaji sigara 29,133 walitiwa katika jaribio la vidonge, na matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini, karotini ya namna ile ya kisamvu, walionekana kupatwa zaidi na saratani ya mapafu kuliko wasioimeza. Ndimu hii ilikilinda kipande kile kwa kuwa ilikifuata kisu kwa dakika moja tu nyuma; ningeikamua sasa juu ya kipande kilichokwisha badilika, weupe wake usingerudi. Kwa hiyo nawasihi tupunguze kwanza kuni jikoni, ndipo tuokote mabibo.