Kikombe cha Kila Siku



Leo nasema na wazee wa kanisa, na akina mama ambao wana wao wameshikwa na unga, yaani heroini. Tangu Desemba 2014 serikali yetu imekuwa ikiwatibu watu hao kwa methadoni, kwanza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi na kwingineko pwani. Ni dawa ya maji, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu.

Wako wasemao, "Huyu ameacha ulevi mmoja akashika mwingine. Kama ameokoka kweli, na aiache!" Neno hilo lasikika kuwa la kiroho, lakini laweza kuua.

Unga hutuliza kwa saa chache tu, halafu arosto huja: jasho, kutapika, kuhara, mifupa kuuma kama inavunjwa. Ndipo mtu huuza hata sufuria ya mama yake. Methadoni ni ya jamii ile ile ya dawa, siwafichi; bali kipimo kimoja hutuliza mwili siku nzima, na kikiwa sawasawa hakimleweshi. Mtu huyo aweza kwenda kazini na kula pamoja na wanawe. Akiiacha ghafula, arosto hurudi, na wengi huurudia unga. Tena akikaa majuma bila chochote, mwili hupoteza mazoea. Akijaribu kipimo chake cha zamani, pumzi yaweza kukatika usingizini. Kupunguza dawa ni kazi ya daktari na mgonjwa mwenyewe, polepole. Wengine huihitaji kwa miaka mingi.

Mfalme Hezekia alikuwa amekwisha kuahidiwa miaka 15, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Hatusomi popote kwamba mtu alimwambia aubandue ili aonyeshe imani yake.

Mama, usimwulize mwanao kila jioni, "Utaacha lini?" Mwulize, "Leo umekwenda?" Huenda hakwenda kwa kukosa nauli ya matatu. Wazee, hapo mna kazi: nauli ya kila siku si mzigo mdogo kwa asiye na kibarua.

Na kwa kuwa dawa hunywewa hata Jumapili, kijana huyo akiingia ibadani wimbo wa pili umekwisha kuimbwa, msimgeukie kumtazama. Msogezeeni nafasi kwenye benchi.